Lugha Moja, Ndimi Nyingi: Nafasi ya Somo la Kiswahili katika Kupinga Ubaguzi na Kuenzi Tofauti za Kitamaduni Shuleni

Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anasimama kusoma kifungu cha ufahamu kwa sauti. Anafika kwenye neno "shamba", analitamka "samba", na darasa zima linaangua kicheko. Sauti moja kutoka nyuma inataja jina la kabila lake, kicheko kinazidi. Mwalimu, pengine bila kukusudia mabaya, anatabasamu, anasahihisha tamko na kumwambia aendelee. Mwanafunzi anaendelea, ila kwa sauti ya chini, na tangu siku hiyo hainui mkono tena katika kipindi cha Kiswahili.

Yeyote aliyepata kufundisha au kusoma katika shule ya Kenya inayopokea wanafunzi kutoka pembe mbalimbali za nchi ataitambua hali hii. Tukio lenyewe halimalizi hata dakika moja, wala halimo katika maazimio ya kazi ya mwalimu. Hata hivyo, somo lake hudumu kuliko sarufi iliyofundishwa siku hiyo. Darasa limejifunza kwamba lugha ya taifa ina wenyewe, na kwamba asili ya mtu ni jambo halali la kuchekwa.

Makala hii inanuia kueleza jinsi somo la Kiswahili linavyoweza kutumiwa kuwafunza wanafunzi kuukabili ubaguzi, uwe wa rangi au wa kikabila, na kuzienzi tofauti za kitamaduni. Hoja inayoiongoza ni kwamba Kiswahili ni upanga wenye makali mawili. Ni lugha iliyowaunganisha Wakenya, lakini pia ndiyo lugha ambamo matusi mengi ya kuwatenganisha hutungwa. Mwalimu anayesifia kali la kwanza na kulinyamazia la pili atakuwa ametimiza nusu tu ya wajibu wake.

Usuli wa Ubaguzi katika Shule za Kenya

Ubaguzi wa rangi na ukabila hutajwa mara nyingi kana kwamba ni maradhi mawili yasiyohusiana. Mantiki yake, hata hivyo, ni moja. Yote mawili humhukumu mtu kwa kundi alimozaliwa kabla hajatenda wala kusema lolote. Nchini Kenya, aidha, yote mawili yana historia ndefu ndani ya shule zenyewe.

Wakati wa ukoloni elimu iligawanywa kwa misingi ya rangi. Kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na ubora wa majengo na vifaa ulifuata ngazi hiyo hiyo. Shule inayojulikana leo kama Nairobi School ilifunguliwa mwaka 1931 kwa jina la Prince of Wales School, kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Wavulana wa Kiafrika walikuwa na Alliance High School, iliyoanzishwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti. Mtoto aliyekulia katika mpango huo hakuhitaji kuambiwa kwa maneno kwamba binadamu wana madaraja. Aliliona jambo hilo kila asubuhi alipoelekea shuleni.

Lugha nazo zilipangwa kwa ngazi. Katika kitabu chake Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia jinsi wanafunzi wa enzi yake waliopatikana wakizungumza Kigĩkũyũ shuleni walivyochapwa au kuvishwa kipande cha bati shingoni, chenye maandishi ya kuwadhalilisha. Desturi ya kumwaibisha mwanafunzi kwa sababu ya lugha ya mama, basi, ni urithi mkongwe. Kicheko kilichotajwa mwanzoni mwa makala hii ni mjukuu wa bati lile.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 1964, ilisisitiza kwamba elimu inapaswa kujenga umoja wa taifa, na ikapendekeza Kiswahili kifunzwe kwa lazima katika shule za msingi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Mwaka huo huo, hata hivyo, ilianzishwa sera iliyozitaka shule za sekondari kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi wao kutoka maeneo yalimo shule hizo. Sera hiyo ilikuwa na nia ya kuzinufaisha jamii zilizokuwa jirani na shule, lakini ilifanya vijana wengi wamalize masomo bila kuketi dawati moja na mtu wa jamii nyingine. Lugha ya umoja ilifundishwa kwa lazima, huku nafasi ya kuitumia na asiye wa nyumbani ikipungua.

Matokeo ya utengano hayakukoma shuleni. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwatawanya mamia ya maelfu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipitishwa mwaka 2008, na Katiba ya 2010 ikatambua tofauti za lugha na utamaduni kuwa mali ya taifa inayostahili kulindwa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataja umoja, amani, heshima na haki ya kijamii miongoni mwa maadili ya msingi. Sheria zipo na mtaala upo. Linalobaki ni namna ya kuyageuza maandishi hayo kuwa mazoea ya darasani.

Ubaguzi Unavyojificha katika Lugha

Mnamo Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno na semi ilizoziona kuwa za kueneza chuki nyakati za siasa. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeitazama orodha hiyo atashtuka kuona maneno aliyofunzwa darasani. Miongoni mwayo kulikuwa na "madoadoa", "kwekwe" na "wakuja", pamoja na kauli ya kuwataka wabara warudi kwao.

Maneno haya yanastahili kuchanganuliwa kwa zana za taaluma yenyewe. Kwekwe ni mmea unaoota mahali ambapo mkulima hakuupanda. Lakini sitiari haibebi nomino peke yake. Huandamana na kitenzi chake. Kwekwe hufanywa nini? Hung'olewa. Doa hufanywa nini? Husafishwa. Anayewaita majirani zake kwekwe hajawatukana tu, bali amependekeza la kuwatendea, na amelipendekeza bila ya kulitamka. Hapa ndipo somo la tamathali za usemi linapogeuka kuwa somo la uraia. Mwanafunzi aliyejifunza kuuliza "sitiari hii inadai kitendo gani?" ana kinga ambayo mhutubu wa jukwaani hataivunja kwa urahisi.

Ngeli nazo hutoa mfano mwema. Binadamu ana makao yake katika ngeli ya A-WA. Anapohamishiwa ngeli nyingine na kuitwa "jitu" au "kijitu", upatanisho wa kisarufi hubadilika na hadhi yake hubadilika pamoja nao. Walimu wengi hufundisha ukubwa na udogo kama zoezi la kugeuza viambishi tu. Kipindi hicho hicho kingeweza kuzaa swali la ziada: ni nani katika jamii ambao husemwa kwa viambishi vya kuwakuza kwa kebehi au kuwadunisha, na kwa nini?

Aidha, kauli za ubaguzi zina muundo mmoja mwepesi sana: jina la kundi, kisha "ni", kisha sifa. Hakuna kivumishi cha idadi, hakuna wakati, hakuna shahidi. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni sentensi ya kundi la kubuni, mathalani "Watu wa ng'ambo ya mto ni wachoyo", kisha akaliomba darasa liikamilishe kwa kujibu maswali: Wangapi? Nani aliwaona? Lini? Je, upande huu wa mto hakuna mchoyo? Baada ya maswali manne, sentensi iliyoonekana kuwa ukweli hubaki kama "Mtu mmoja wa ng'ambo ya mto aliwahi kuninyima maji." Hiyo ni sentensi ya kweli, na mtu anaweza kuishi nayo bila kumchukia yeyote.

Fasihi kama Uwanja wa Mazoezi

Fasihi humpa mwanafunzi nafasi ya kuuona ubaguzi bila ya kulazimika kwanza kujitetea. Riwaya ya Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei, ambayo ilipata kuwa kitabu teule katika shule za sekondari, inafaa sana kwa kazi hii. Ridhaa anapokuwa mtoto, wenzake shuleni wanamtenga na kumbandika jina la kejeli kwa kuwa familia yake ilihamia mahali hapo kutoka kwingine. Miaka mingi baadaye, akiwa daktari na mtu mzima, nyumba yake inateketezwa pamoja na jamaa zake katika ghasia za kisiasa, na jirani ana mkono wake humo.

Wanafunzi wengi huyasoma matukio haya mawili kama hoja mbili tofauti za kuandikwa katika insha ya mtihani. Mwalimu mwangalifu atawaomba wayaunganishe. Je, kuna njia inayotoka uwanja wa michezo hadi moto ule? Ni nani katika darasa la akina Ridhaa angeweza kusema neno, na angesema nini? Swali la mwisho ndilo zito zaidi, kwa maana linamhamisha msomaji kutoka kumhurumia mhusika hadi kujipima mwenyewe.

Hadithi fupi "Damu Nyeusi" ya Ken Walibora, iliyomo katika mkusanyiko wa Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine (2007), inaupeleka mjadala nje ya bara hili. Kijana wa Kiafrika, Fikirini, anakwenda kusoma Marekani na kukumbana na ubaguzi wa Wazungu. Anapodhani kwamba atapata hifadhi kwa Wamarekani weusi kwa sababu ya udugu wa damu, anadhulumiwa na yule aliyemwamini. Hadithi hii inamzuia msomaji kufikia hitimisho rahisi. Rangi haimfanyi mtu kuwa adui, wala haimfanyi kuwa ndugu. Darasa likiisoma hivyo, linaweza kuulizwa iwapo imani ya kwamba "mtu wetu" hawezi kutudhulumu haina sura yake katika siasa za humu nchini.

Fasihi simulizi pia ina hazina, ila inahitaji jicho kali. Katika visakale vya Waluo, Luanda Magere ni shujaa asiyedhurika kwa mkuki hadi siri ya nguvu zake, yaani kivuli chake, inapofichuliwa. Katika visakale vya Waswahili, Fumo Liyongo hauawi kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ya kitovuni. Wanafunzi wa Kisumu na wa Lamu wakizilinganisha simulizi hizi watagundua kwamba jamii zilizo mbalimbali zimewaza jambo moja kuhusu nguvu na usaliti. Ugunduzi huo ni wa kufurahisha. Lakini mwalimu asiishie hapo. Liyongo anasalitiwa na mwanawe mwenyewe. Magere anasalitiwa na mke aliyetoka kwa maadui, Wanandi. Simulizi ya shujaa wetu humchora jirani kwa rangi gani? Mwanandi angeisimuliaje hadithi hiyo hiyo? Kuuliza hivi si kuidharau turathi ya mtu, bali ni kuifundisha kwa uaminifu.

Mbinu za Darasani

Mbinu ya kwanza ni kulisimamisha tukio. Tusi la kikabila au la rangi likitamkwa, kimya cha mwalimu huhesabiwa kuwa ridhaa. Haihitajiki hotuba ndefu. Yatosha kusema, kwa utulivu, kwamba neno hilo linamdhalilisha mtu na halitumiki darasani humo, kisha somo likaendelea na mjadala mpana ukapangiwa siku yake. Mwalimu alikemee neno bila kumbandika aliyelisema jina la kudumu, kwani kijana aliyeitwa mbaguzi mbele ya wenzake hujifunza kujificha zaidi ya kubadilika. Vilevile, aliyetukanwa asigeuzwe msemaji wa jamii yake na kuombwa aeleze mila za kwao ili wenzake waelimike. Huo huwa ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mbinu ya pili ni kubadilishana nafasi katika somo la fonolojia. Mwanafunzi anayesema "samba" hana ulimi mzito. Lugha yake ya kwanza, Kijaluo, haina sauti /sh/ wala /z/. Anayechanganya /l/ na /r/ huenda ametoka kwenye lugha isiyozitofautisha. Wasemaji wa lugha za Kikalenjin hupata taabu kati ya /p/ na /b/ kwa kuwa tofauti hiyo haibadilishi maana katika lugha zao. Baada ya kueleza hayo, mwalimu amgeukie mzawa wa Kiswahili na kumpa maneno ya Kigĩkũyũ, lugha yenye irabu saba na toni, au ya Kijaluo, inayotofautisha sauti za meno na za ufizi. Mwenye irabu tano na asiyezoea toni atajikwaa papo hapo. Darasa likicheka wakati huu, litakuwa likicheka pamoja, na kila mmoja atajua kwamba lafudhi ni alama ya lugha nyingine anayoijua mtu, wala si upungufu wa akili.

Hapa pana pingamizi linalostahili kujibiwa. Wapo wanaohoji kwamba uvumilivu wa aina hii utaua Kiswahili sanifu. Hofu hiyo haina msingi. Kusahihisha ni wajibu wa mwalimu, na mwanafunzi ana haki ya kusahihishwa. Kinachopingwa ni kusahihisha kwa dhihaka. Anayedhihakiwa huacha kuzungumza, na asiyezungumza hatasahihika kamwe. Kwa hivyo, heshima darasani ni sharti mojawapo la umilisi.

Mbinu ya tatu ni kuifukua asili ya msamiati. Wanafunzi waorodheshe vitu vilivyo katika nyumba au shule na kutafuta vilikotoka: "kitabu" kutoka Kiarabu, "meza" na "leso" kutoka Kireno, "gari" na "chapati" kutoka Kihindi, "shule" kutoka Kijerumani, "ng'atuka" kutoka Kizanaki, yote yakiwa yamevikwa sarufi ya Kibantu. Zoezi hili hufundisha kwamba Kiswahili hakikudhoofika kwa kuwapokea wageni, na kwamba anayemwambia mwenzake arudi kwao kwa Kiswahili anatumia maneno ambayo mengi yake yalikuja.

Kuenzi Tofauti Bila Kuzigandisha

Shule nyingi huadhimisha siku ya utamaduni, na tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, nafasi za maadhimisho zimeongezeka. Wanafunzi huvaa mashuka, leso na shanga, hupika githeri, omena na wali wa nazi, hucheza ngoma. Hayo ni mema, na furaha yake si ya kubezwa. Hata hivyo, utamaduni ukiishia kwenye vazi na mlo, mwanafunzi huenda akaondoka akiamini kwamba kila jamii ni kama picha ukutani, isiyobadilika wala kufikiri.

Yapo pia maswali ambayo siku hiyo huyasahau. Mtoto ambaye baba yake ni Mkamba na mama yake Mtaita asimame katika safu ipi? Kijana aliyezaliwa Nairobi na asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili na Sheng aambiwe hana utamaduni? Mwanafunzi kutoka Sudan Kusini au Somalia anayesoma mtaala wa Kenya kule Kakuma au Dadaab awe mtazamaji tu? Hata ile kauli ya kuwa Kenya ina makabila 42 inafaa kutazamwa upya. Serikali iliwatambua Wamakonde na Wakenya wenye asili ya Kihindi kuwa miongoni mwa jamii za nchi mwaka 2017, na Wapemba mwaka 2023. Watu hao walikuwapo nchini kwa miongo mingi kabla ya kuhesabiwa. Mwanafunzi akilijua hilo, ataelewa kwamba mpaka kati ya "wenyeji" na "wakuja" huchorwa na watu, na watu wanaweza kuuchora upya.

Badala ya kila kundi kujionyesha lenyewe, inafaa zaidi wanafunzi watumwe kwa wasio wa jamii yao: wakusanye methali, vitendawili au nyiso kutoka kwa mzee wa jamii nyingine, wajifunze namna ya kumsalimu, na kuwasilisha ripoti kwa Kiswahili. Anayelazimika kumwomba mzee wa watu neno la hekima hujifunza kusikiliza, na ni vigumu kumdharau aliyekufundisha.

Changamoto

Utekelezaji wa haya una vikwazo vyake. Mitihani huwafanya walimu wafundishe "maudhui ya ukabila" kama orodha ya kukaririwa, hata mwanafunzi akaweza kupata alama 20 kwa kuukashifu ukabila katika insha na jioni akamtukana mwenzake bwenini. Madarasa yenye wanafunzi wengi huacha nafasi finyu ya mjadala. Walimu wenyewe ni zao la jamii ile ile, na baadhi yao hupanga makundi, huteua viranja au hutania kwa misingi ya asili ya mtu. Wengine hunyamaza kwa kuhofia kwamba kuutaja ukabila ni kuuamsha. Lakini ukabila haujalala. Wanafunzi huusikia nyumbani, sokoni na katika simu, na mahali pekee wanapoweza kuujadili chini ya uangalizi wa mtu aliyefunzwa ni darasani.

Vyuo vikuu havikwepi lawama. Mwalimu mtarajiwa hufunzwa fonolojia, nadharia za uhakiki na mbinu za kufundishia, lakini ni nadra kufunzwa atakachosema sekunde ile darasa linapocheka. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingeweza kuanza kuliziba pengo hilo kwa kuandaa warsha ambamo wanachama huigiza hali kama hizo na kukosoana kabla ya kwenda mazoezini.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ubaguzi una mizizi katika historia ya shule za Kenya, kwamba hujificha ndani ya sitiari, ngeli na lafudhi, na kwamba sarufi, fonolojia na fasihi tayari zina zana za kuufichua. Hahitajiki somo jipya wala kitabu kipya. Anahitajika mwalimu anayejua kwamba kila kipindi cha lugha ni kipindi cha namna ya kuishi na watu.

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanafunzi aliyesema "samba" hakujikwaa ulimi kwa maana hiyo ya wahenga. Waliojikwaa ni waliomcheka. Mwalimu aliyekuwa darasani siku ile angali ana kipindi kesho. Akianza kwa kueleza sauti /sh/ hutamkiwa wapi, kwa nini baadhi ya lugha hazina sauti hiyo, na lugha hizo zina sauti gani ambazo Kiswahili hakina, huenda mkono ulioshuka ukainuka tena.